Bi Ukingo Anaondoka, Negativu Zibaki

"Kazi ambayo Mama ameifanya kwa miaka thelathini na sita, programu hii inaimaliza kwa sekunde nne." Maneno hayo aliyatamka Mkuu wa Mifumo katika kikao cha idara zote mwezi uliopita, akitabasamu, na nina hakika alidhani anatoa sifa. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga. Kwa kuwa nimepewa kurasa hizi za jarida letu la wafanyakazi nimuage mwenzetu, nitaanza kwa kumjibu Mkuu, kisha nitaaga. Bwana Mkuu, si kweli. Sekunde nne zinatosha kubadili rangi za picha. Hazitoshi kujua kama rangi ulizoziweka ndizo zilizokuwepo, na kujua huko ndiko kazi yenyewe.

Mama anayesemwa ni Bi Ukingo, msahihishaji rangi wa Hifadhi ya Picha ya gazeti letu. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kututumikia miaka thelathini na sita na miezi minne. Katika muda huo wakurugenzi wamepita saba, majengo mawili, na mashine ambazo hakuna tena anayekumbuka majina yake. Yeye ameomba ruhusa ya ugonjwa mara mbili tu, na mara zote mbili ilikuwa ni macho.

Desturi yetu ni kumuuliza mstaafu zawadi anayoitaka. Wa mwaka jana alichagua friji. Kamati ya sherehe ilipomfuata Bi Ukingo, walimkuta kwenye meza ya mwanga, ile ya kioo yenye taa chini yake, glovu nyeupe mkononi. Hakuinua kichwa. "Friji ninayo," alisema. "Nipeni yale masanduku mia moja arobaini na moja yabaki yalivyo." Kamati ilidhani ni utani, ikarudi siku ya pili. Jibu likawa lilelile. Hadi leo kamati haina cha kununua, na wasomaji wengi hawajui masanduku hayo ni yapi. Nitawaambia, ili kesho mtu asije akasema hakujua.

Hifadhi ina masanduku mia nne kumi na mbili ya negativu za rangi. Baadhi ni za wapiga picha wetu wenyewe. Zaidi ya nusu zilitoka kwenye studio za mitaani zilipokuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, wenye studio wakituletea maisha yao yote kwa mkokoteni. Bi Ukingo amekwisha kuyahamishia kwenye kompyuta na kuyasahihisha mia mbili sabini na moja. Yamebaki mia moja arobaini na moja. Pendekezo litakalofika mbele ya Wakurugenzi Jumatatu ijayo linasema haya: masanduku yaliyobaki apewe mkandarasi wa nje, picha ziskaniwe bila kingo zake ili mafaili yawe mepesi, programu ipitishwe juu yake, halafu negativu zote, zilizokwisha kusahihishwa na zilizobaki, ziteketezwe, na chumba kiwe ukumbi wa mikutano. Tuna kumbi za mikutano nne. Sijawahi kuziona zikijaa zote siku moja.

Lakini tuanze mwanzo, maana huyu ni mtu, si hoja.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na minne, kuosha picha. Wakati huo maabara yetu ilikuwa nyuma ya mitambo ya uchapishaji, ukutani kumejaa mabomba, harufu ya siki na ya chuma kilicholowa. Wengi hudhani chumba cha giza kina ile taa nyekundu waliyoiona kwenye sinema. Hiyo ni ya picha nyeusi na nyeupe. Chumba cha rangi hakina taa yoyote. Giza lake ni giza la tumbo la mama. Mle ndani walikuwa watu wanne, na walijuana kwa nyayo na vikohozi. Mkubwa wao, mchanganyaji dawa ambaye kila mtu alimwita Bwana Dawa, alikuwa akiguna wimbo usio na maneno kila anapotembea ili asigongane na mtu. Akinyamaza, walijua amesimama. Bi Ukingo anasema mpaka leo akisikia mtu anaguna nyuma yake, humpisha njia kabla ya kugeuka.

Bwana Dawa ndiye aliyemfundisha kutoamini picha mbichi. Picha ya rangi ikiwa imelowa hudanganya, ikikauka hubadilika. Wanafunzi wenye pupa waliihukumu ikingali inachuruzika, wakaongeza hiki, wakapunguza kile, na asubuhi wakakuta maharusi wa kijani. "Ingoje ikauke, mama," alikuwa akimwambia binti yule mgeni. "Hata binadamu usimhukumu akiwa amelowa." Miaka miwili baadaye binti yule alikuwa akishika kipande cha majaribio karibu na dirisha na kutaja, bila kifaa chochote, kilichozidi na kilichopungua. Walimjaribu kwa ujanja. Walimletea kipande kilekile mara tatu kwa siku tofauti, naye akatoa jibu lilelile mara tatu, na mara ya tatu akauliza kama wao hawana kazi.

Kisha kamera za filamu zikaondoka, na maabara ikafungwa ndani ya wiki moja tu. Beseni za dawa ziligawanywa. Moja bado inatumika jikoni kwetu, na msiulize ni ipi. Mlango wa chumba cha giza uling'olewa ili mwanga uingie. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi walivyosimama kizingitini siku ile, wakaona kwa mara ya kwanza kuta za chumba walimofanyia kazi miaka kumi na tano. Zilikuwa za waridi. Hakuna aliyejua. Bwana Dawa, aliyekuwa akingoja kustaafu mwezi uleule, alicheka hadi akakaa chini.

Bi Ukingo alihamishiwa dirisha la matangazo, akawa anapokea matangazo ya viwanja na ya magari yaliyotumika kidogo. Miaka mitatu. Anaiita miaka ya ukame. Skana ya kwanza ilipofika, ikiwa na kijitabu ambacho hakuna aliyekielewa, alikiomba akasome nyumbani. Alirudi Jumatatu akasema anaweza kuiendesha. Baadaye alikiri kwamba hakuwa na uhakika hata kidogo, ila alichoka na matangazo ya viwanja.

Sasa niwaombe wenzangu wa usafirishaji, wa ulinzi na wa jikoni, ambao hawajapata kushika negativu ya rangi, wanivumilie aya mbili. Negativu ni picha iliyogeuzwa. Cheupe kimekuwa cheusi, chekundu kimekuwa samawati ya kijani, na juu ya yote hayo filamu yenyewe ina rangi ya chungwa, kama kioo cha taa ya nyuma ya gari. Ukiigeuza kwenye kompyuta lazima uiondoe ile rangi ya chungwa kwa kipimo chake kamili. Ukiondoa pungufu au ukizidisha, ulimwengu wote unaingia rangi usiyoitaka. Hapo hatujagusa uzee. Rangi za filamu huchakaa zikiwa gizani kwenye sanduku, na hazichakai pamoja: moja hukimbia, nyingine hubaki. Kila studio ina uchakavu wake, na wakati mwingine kila sanduku.

Je, utajuaje kipimo? Pembezoni mwa filamu, na katikati ya picha moja na nyingine, pana kamba nyembamba isiyopigwa picha. Haina sura ya mtu, haina nyumba, haina kitu. Ni filamu tupu. Lakini imezeeka pamoja na picha, kwenye sanduku lilelile, kwa joto lilelile. Ukiipima hiyo unajua filamu yenyewe ina rangi gani leo, na hapo ndipo unapoanzia. Mtu akimletea Bi Ukingo picha iliyoskaniwa, hamsalimii kwanza. Huuliza, "Ukingo uko wapi?" Ndipo jina lilipotoka. Hata watoto wake hulitumia wakitaka kumchokoza.

Chumba chake kila mtu anakijua: kuta za kijivu, dari ya kijivu, meza ya kijivu. Hata koti lake la kazi ni la kijivu, kwa sababu blauzi nyekundu mbele ya skrini humwaga wekundu wake kwenye kioo na jicho huupokea bila kujua. Nyuma ya mlango huning'inia koti la pili, la wageni. Mkurugenzi wetu wa tano, mtu wa mashati yenye makelele, aliingia siku moja kukagua na akakabidhiwa koti lile kabla hajafungua kinywa. Alilivaa. Lilimbana mabegani. Alipotoka, msimamizi wa jengo alimwona kwa nyuma akamwita, "We fundi, ile swichi ya ngazi ya pili utaitengeneza lini?" Inasemekana mkurugenzi alijibu kesho.

Na kila baada ya dakika ishirini hutoka nje kupumzisha macho. Husimama kwenye varanda, hutazama ukuta wa kibanda cha mlinzi wa lango, uliopakwa chokaa, akihesabu hadi hamsini, kisha hurudi. Mlinzi mpya hakuambiwa. Wiki nzima alitazamwa na mama wa makamo, mara tatu kwa saa, bila neno. Siku ya Ijumaa alivuka uwanja, kofia mkononi, akasema kwa adabu: "Mama, mimi nina mke. Kama kuna neno lingine, niambie." Bi Ukingo alimwambia kwamba anautazama ukuta. Mlinzi hakuamini hadi alipopelekwa chumbani akavalishwa koti. Ni marafiki hadi leo, na kila mwaka huupaka ukuta ule chokaa mpya bila kuagizwa.

Nyumbani hali si hiyo. Mume wake ni fundi bomba. Walijenga nyumba, wakaipiga plasta, na ikabaki plasta kwa miaka minane kwa sababu mama mwenye nyumba hakuridhika na rangi yoyote dukani. "Nimeoa mtaalamu wa rangi," fundi bomba huwaambia wageni, "naishi ndani ya saruji."

Nimesema yote haya kwa upole. Sasa narudi kwenye ugomvi, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya kazi ya Bi Ukingo ni kosa lake, na yeye mwenyewe ameniruhusu kulieleza. Ameagiza lielezwe.

Katika miaka ya kwanza ya skana alifuata maelekezo. Maelekezo yalisema nafasi kwenye kompyuta ni ndogo, picha zikatwe kingo. Alizikata. Masanduku sitini yalipita hivyo. Bila ukingo ilimbidi atafute mahali pengine pa kuanzia, na kwenye picha za studio moja ya mtaani alipata mahali pazuri mno: ukuta wa nyuma. Katika picha zote thelathini na sita za filamu moja ya studio hiyo, watu wamesimama mbele ya ukuta mweupe. Aliuambia ukuta uwe mweupe, ukawa mweupe. Rangi nyingine zote zikafuata. Picha mojawapo, ya mwashi aliyeshika kofia yake mbele ya tumbo kama mtu aliye kanisani, ilitundikwa kwenye maonyesho yetu ya ukumbi wa mbele.

Siku ya tatu ya maonyesho alikuja mjane wa yule mwashi, na dada yake. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Akamuuliza mhudumu wa mapokezi, "Mwanangu, huyu alikuwa anaumwa?" Mhudumu alimjibu wanavyojibu wote: bibi, picha za zamani ndivyo zilivyo. Bibi yule akasema, "Za zamani ndiyo. Lakini mume wangu hakuwa na homa ya manjano. Alikufa kwa kuanguka kwenye jukwaa la ujenzi, na asubuhi yake alikuwa mzima kama chuma. Mmenipa maiti."

Mhudumu alipiga simu chumba cha kijivu. Bi Ukingo akatoka na koti lake, akasimama kando ya bibi, akatazama. Anasema aliona papo hapo. Uso ulikuwa umemanjanika, na viganja pia. Alipokuwa akiisahihisha picha ile alikuwa ameutazama kwa siku nne bila kuuona, kwa sababu ukuta ulikuwa mweupe na yeye aliuamini. Hakutafuta pa kutokea. Hakutaja maelekezo, hakutaja skana. Alisema, "Mama, nimekosea. Ukuta ule ulikuwa rangi gani?"

Hapo ndugu wawili wakaanza. Mjane akasema ulikuwa mweupe. Dada yake akasema mweupe wapi, ulikuwa wa bluu. "Wewe bluu unaijua? Hata gauni langu la posa ulisema jekundu na lilikuwa damu ya mzee!" "Damu ya mzee ulilitia wewe kwa kulifua na mashuka!" Mapokezi yote yalisimama kusikiliza. Bi Ukingo aliwaacha wamalize, kisha akawauliza studio ilikuwa mtaa gani, akaomba gari, wakaenda watatu.

Studio ilikuwa imegeuka kinyozi. Kuta zilikwisha kupakwa kijani, halafu krimu, halafu mabango ya mitindo ya nywele. Mtaka cha mvunguni huinama, na Bi Ukingo aliinama kwelikweli: alipiga magoti chini ya rafu ya kinyozi, mteja akiwa kitini na povu shavuni, akakwangua kwa kisu cha kukatia karatasi hadi akapata ngozi ya kwanza ya ukuta. Ilikuwa samawati. Samawati hafifu sana, kama maziwa yaliyoongezwa maji na kuwekwa kivulini. Kwa jicho ungesema nyeupe. Mjane alikuwa sahihi kwa alivyouona, na dada yake alikuwa sahihi kwa ulivyokuwa. Kinyozi akauliza nani atamlipia ukuta. Dada mtu akamwambia anyamaze, kuna marehemu hapa.

Kipande kile cha rangi, kidogo kama ukucha, kimo ndani ya bahasha iliyogundishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Daftari hilo ni la makosa tu. Mafanikio hayamo. Limejaa kurasa mia mbili na kumi.

Na sasa nisikilizeni vizuri, hasa mtakaokaa Jumatatu. Aliporudi kutoka kwa kinyozi, alifungua sanduku, akaitoa filamu ileile, akaiskani upya na kingo zake, akapima ukingo, akalinganisha na kipande cha ukuta. Vilikubaliana. Akasahihisha picha thelathini na sita. Halafu, bila kuagizwa na mtu, akayarudia masanduku yote sitini. Ilimchukua miaka miwili na nusu. Mwashi akarudishiwa ngozi yake, ya kahawia iliyoiva, na jasho la siku ile likionekana kwenye paji la uso. Mjane aliporudi kuiona aligusa kioo cha fremu kwa mgongo wa kidole, jinsi mtu anavyompima mtoto homa. "Haya," alisema. "Sasa amepona."

Kilichomponya ni nini? Ujuzi, ndiyo. Unyenyekevu, ndiyo. Lakini kwanza kabisa, negativu ilikuwepo. Kama mwaka ule tungekuwa tumefuata busara hii mpya tunayoletewa, tukaskani na kuchoma, Bi Ukingo angekuwa na ujuzi wake wote na kipande chake cha ukuta mkononi, na asingekuwa na pa kurudi. Bibi yule angeingia kaburini na mume wa manjano. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Ni kweli, ila mke awe bado yupo nyumbani.

Watetezi wa programu watanijibu kuwa mashine haikosei kama binadamu. Tuliiona ikikosea, tena hadharani. Mkuu wa Mifumo, baada ya makofi yale, aliweka kwenye skrini picha ya wafyatua matofali mbele ya tanuri: udongo mwekundu chini, matofali mekundu nyuma, vumbi jekundu hewani. Alibonyeza. Sekunde nne. Udongo ukawa kijivu kama barabara, na nyuso zikawa rangi ya jivu la jana. Ukumbi ukasema aah, kwa kuwa picha ilikuwa imeng'aa. Bi Ukingo akainua mkono. "Mwanangu," alisema, "hao watu umewazika?"

Watu walicheka. Mkuu naye alicheka, akaeleza kuwa programu imejifunza kwa mamilioni ya picha. "Sawa, baba. Lakini siku ile tanurini ilikuwepo?" Haikuwepo. Programu ile ikikosa pa kushika hukisia kuwa ukizichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Ikikuta wekundu mwingi inauona kama ugonjwa, inautoa. Haina njia ya kujua kuwa mahali pengine ulimwengu ni mwekundu kweli, na kwamba watu wale walikwenda nyumbani kila jioni wakiwa wekundu hadi kope. Anayejua ni ukingo wa filamu, na mtu aliyefua zile nguo.

Maana hilo ndilo alilotuachia la pili. Baada ya kosa la mwashi alianza kuwaita aliowaita mashahidi wa rangi. Benchi lililo nje ya mlango wake liliwekwa kwa ajili yao: mshonaji mstaafu, dereva wa lori la takataka, mkunga, mpishi wa bweni. Aligundua kuwa ukimuuliza mtu kitu kilikuwa rangi gani atakudanganya bila kukusudia, kwa hiyo hakuuliza hivyo. Aliuliza, "Hii ulikuwa unaifua na nini?" Aliuliza, "Ikiingia vumbi ilionekana?" Mshonaji mmoja aliitazama picha ya sare ya shule, akafyonza. "Hii si yangu. Mimi nilishona ile ambayo wino ukimwagika mtoto hapigwi, kwa kuwa hauonekani." Bi Ukingo akapunguza mwanga wa bluu hadi wino usingeonekana, akamgeuzia skrini. "Ehee! Hiyo ndiyo. Hiyo imenitoboa vidole."

Mashahidi hao wanapungua. Mwaka huu tumewazika wanne. Benchi lipo, na wiki iliyopita nililikuta limewekewa printa mbovu juu yake.

Sisemi programu itupwe. Yeye mwenyewe anaitumia kila siku kufuta vumbi na mikwaruzo, na husema inamwokolea mgongo. Wala sina chuki na Mkuu wa Mifumo. Ni mchapakazi, na mwezi uliopita alikaa siku mbili nzima kuziokoa picha zetu diski ilipokufa. Ninachokikataa ni ile "inaimaliza". Kazi hii haimalizwi. Kila bibi akisimama mbele ya picha na kuuliza kama mtu wake alikuwa anaumwa, inaanza upya, na lazima pawe na kitu cha kufungua sandukuni.

Bi Ukingo, tunakushukuru. Umetupa sura za watu wetu zikiwa na damu ndani yake. Ulitufundisha kuvaa koti, kungoja picha ikauke, na kusema "nimekosea" bila kumtafuta mwingine wa kulibeba kosa. Nenda kapumzishe macho, usihesabu tena hamsini. Tazama ukuta kadiri utakavyo. Mungu akupe afya, fundi bomba akupe utulivu, na mpate hatimaye rangi ya sebule mtakayokubaliana. Tukisikia bado ni saruji hatutashangaa.

Na ninyi Wakurugenzi, jarida hili mtalikuta kwenye viti vyenu Jumatatu kabla ya ajenda. Mstaafu wetu hakuomba friji. Andikeni uamuzi wa mistari mitatu: negativu hazichomwi, hakuna picha inayokatwa ukingo, benchi la mashahidi linarudishwa. Hiyo ndiyo zawadi, na muda wa kuitoa ni siku hiyohiyo.

Na wewe, Bwana Mkuu wa Mifumo. Ijumaa saa kumi jioni Bi Ukingo ataacha ufunguo msumarini, nyuma ya mlango, chini ya koti la wageni. Ameniambia atakuja Jumanne na Alhamisi asubuhi kukaa na yeyote atakayeuchukua, hadi sanduku la mwisho. Uchukue wewe. Vaa koti, fungua sanduku la mia mbili sabini na mbili, na kabla hujabonyeza chochote, tafuta ukingo.